Macho Hayana Pazia: Maisha ya Honoré Daumier

Mhariri wa gazeti letu alipotangaza kwamba muhula huu kila kidato kitoe habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani, wenzangu wengi walikimbilia majemadari, wafalme na wavumbuzi. Mimi nimemchagua mtu ambaye hakushika upanga, wala hakugundua nchi wala dawa. Kazi yake ilikuwa kuchora picha za magazeti, na katika picha hizo alipenda sana kuwachora watu walioketi wakitazama mchezo wa kuigiza. Jina lake ni Honoré Daumier, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1808 na kufa mwaka 1879. Sababu ya kumchagua ni jambo dogo lililonipata mimi mwenyewe, nami nitalieleza kwanza kwa ufupi.

Muhula uliopita tulicheza mchezo wa kuigiza katika bwalo la chakula. Mimi sikupewa maneno ya kusema. Nilipewa kamba ya pazia. Mahali pangu palikuwa pembeni mwa jukwaa, na kutoka hapo niliweza kuwaona waigizaji upande mmoja, na upande wa pili nyuso za watazamaji wote. Mchezo ulipofika katikati, mwenzetu aliyekuwa mfalme akasahau maneno yake. Akasimama kimya, taji lake la karatasi likimteremkia usoni. Bwalo zima likaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao mpaka kamba ikaniponyoka. Lakini katika kucheka kwangu nilimwona mzee mpishi wetu amesimama mlangoni pa jiko, mwiko mkononi, naye hacheki. Alikuwa akimtazama kijana yule kama mzazi amtazamavyo mtoto wake mgonjwa. Uso ule haukunitoka. Siku chache baadaye, nikifungua kitabu cha picha katika maktaba, nikakutana na picha ya Daumier yenye safu za watazamaji, kila mmoja na uso wake. Nikajua mara moja kwamba mtu huyu alisimama pale pale nilipokuwa nimesimama mimi, ila yeye hakuiachilia kamba.

Basi sasa nianze habari zake.

Honoré Daumier alizaliwa tarehe 26 Februari, 1808, katika mji wa Marseille, ambao ni bandari kubwa ya kusini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa kutia vioo madirishani, lakini moyo wake ulikuwa katika mashairi. Akaona kwamba Marseille hapamtoshi. Akaenda Paris kutafuta sifa ya utunzi, na mwaka 1816 mkewe na watoto wakamfuata. Sifa haikupatikana. Umaskini ndio uliopatikana, na mtoto Honoré akalazimika kufanya kazi angali mdogo. Kwanza alikuwa tarishi wa mtu wa mahakama, akibeba karatasi za madai huku na huko. Kisha akawa mtumishi katika duka la vitabu. Kazi hizo mbili hazikuwa na fedha, lakini zilikuwa shule. Katika ya kwanza aliona nyuso za wadai na wadaiwa, mawakili na wajane. Katika ya pili aliona watu wa mjini wakipita mbele ya duka, wenye kofia ndefu na wenye viatu vilivyotoboka.

Wazazi wake walipoona kwamba mtoto hakomi kuchora, wakampeleka mwaka 1822 kwa mzee mmoja mwenye elimu ya sanaa, jina lake Alexandre Lenoir, ampe mafunzo. Baadaye akaingia katika kiwanda cha mpiga chapa, na huko ndiko alikojifunza kazi iliyomlisha maisha yake yote, nayo ni kupiga chapa picha kwa jiwe.

Kazi hiyo wengi wetu hatuijui, kwa hiyo nitaieleza. Mchoraji huchukua jiwe la chokaa lililosuguliwa mpaka likawa laini kama meza. Huchora juu yake kwa kalamu yenye mafuta. Kisha fundi hupaka juu ya jiwe maji ya gundi itokayo katika miti ya jamii ya mgunga, yaliyochanganywa na asidi kidogo. Baada ya hapo jiwe hulowanishwa kwa maji, na wino wenye mafuta hupitishwa juu yake. Sote twajua kwamba maji na mafuta hayapatani. Basi mahali palipochorwa hushika wino, na mahali pasipochorwa hushika maji na kuukataa wino. Karatasi hulazwa juu ya jiwe, mashine hugandamiza, na picha hutokea, lakini hutokea kinyume, kulia kukiwa kushoto. Kwa njia hiyo jiwe moja laweza kutoa nakala nyingi sana kwa gharama ndogo, na mkono wa mchoraji huonekana katika kila nakala vile vile alivyouchezesha.

Na hapa pana jambo lililonifurahisha sana. Njia hii ilivumbuliwa nchini Ujerumani katika miaka ya mwisho ya karne ya 18 na mtu aitwaye Alois Senefelder. Mtu huyo alikuwa mtoto wa mwigizaji, na mwenyewe alikuwa mtunzi wa michezo ya kuigiza. Alikuwa akitafuta njia rahisi ya kuchapisha michezo yake kwa sababu hakuwa na fedha za kuwalipa wapiga chapa. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba chapa ya jiwe ilizaliwa katika nyumba ya mchezo wa kuigiza. Wala si ajabu kwamba baadaye ilirudi huko kuwatazama waigizaji na watu wao.

Mwaka 1830 watu wa Paris walimwondoa mfalme wao, na mahali pake akatawazwa mfalme mwingine, Louis-Philippe, aliyeahidi uhuru wa magazeti. Mwaka huo huo mtu mmoja hodari, Charles Philipon, akaanzisha gazeti la picha za dhihaka lililoitwa La Caricature, na mwaka 1832 akaanzisha la pili, la kila siku, lililoitwa Le Charivari. Picha zake ziliuzwa katika duka la Aubert, naye asiyekuwa na fedha ya kununua aliweza kusimama nje na kutazama dirishani bila ya kulipa. Hivyo dirisha lile likawa kama jukwaa, na njia ikawa kama bwalo. Daumier akaingia katika kundi la Philipon angali kijana.

Mwezi wa Desemba, 1831, Daumier alichora picha iliyoitwa Gargantua. Ndani yake mfalme ni jitu kubwa limeketi kitini, ubao mrefu umeegemezwa kinywani mwake, na watumishi wanapanda ubao huo wamebeba vikapu vya fedha zilizotolewa na maskini. Jitu linameza fedha, na chini ya kiti zinatoka nishani na vyeo kwa wapendwa wake. Serikali ikakasirika sana. Mwaka 1832 Daumier akahukumiwa kifungo cha miezi sita na faini ya faranga 500. Akakamatwa mwezi wa Agosti, akatiwa katika gereza la Sainte-Pélagie. Sehemu ya mwisho ya kifungo chake akaimaliza katika nyumba ya kutunzia wagonjwa wa akili. Alifunguliwa mwezi wa Februari, 1833, akitimiza miaka 25. Mtu mwingine angetoka na kutafuta kazi ya salama. Yeye alirudi katika jiwe lake.

Mwaka uliofuata kulitokea fujo mjini Paris. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili, 1834, askari waliingia katika nyumba moja ya njia iitwayo Rue Transnonain, wakidai kwamba risasi ilitoka humo, wakawaua wakazi wake. Daumier hakuchora askari, wala moto, wala bendera. Alichora chumba kilicho kimya baada ya yote kwisha: mwanamume aliyevaa nguo za kulalia ameanguka kando ya kitanda, na chini ya mwili wake yumo mtoto mchanga. Hamna kicheko katika picha ile. Mtazamaji anasimama mlangoni, haoni kitu cha kufanya ila kutazama.

Mwaka 1835 mtu mmoja alijaribu kumwua mfalme kwa silaha ya mitutu mingi, na serikali ikaitumia nafasi hiyo kutunga sheria kali mwezi wa Septemba. Sheria hizo zilisema kwamba picha yo yote isichapwe, na mchezo wo wote wa kuigiza usichezwe, bila ya ruhusa ya serikali. Naomba msomaji aangalie jambo hili kwa makini. Neno lililoandikwa liliachiwa uhuru zaidi kuliko picha na mchezo. Kwa nini? Watawala walitoa hoja kwamba kitabu husomwa na mtu mmoja chumbani mwake kwa utulivu, lakini picha na mchezo husema na macho ya watu wengi kwa mara moja, hata wasiojua kusoma. Waliogopa watazamaji. Waliogopa kile kinachotokea watu wanapocheka pamoja. Gazeti la La Caricature likafungwa, na Daumier akakatazwa kumchora mfalme.

Hapo ndipo akili yake ilipoonekana. Aliyekatazwa kumtazama mkuu aligeuza benchi lake na kuwatazama raia.

Wakati huo palikuwa na mwigizaji maarufu mjini Paris, jina lake Frédérick Lemaître. Mwaka 1823 mtu huyu alipewa sehemu ya jambazi aitwaye Robert Macaire katika mchezo wa huzuni. Alipoona kwamba mchezo wenyewe hauna nguvu, akaugeuza kuwa kichekesho: akavaa kofia iliyobonyea na nguo zilizochakaa, akawa jambazi mwenye adabu za kiungwana. Watu wakampenda kupita kiasi. Mwaka 1834 akatokea katika mchezo mpya uliotungwa kwa ajili ya jambazi huyo huyo, lakini baadaye serikali ikaupiga marufuku. Basi Philipon na Daumier wakamchukua Robert Macaire kutoka jukwaani wakamtia katika karatasi. Kuanzia mwaka 1836 hadi 1838 Daumier alichora picha 100 za Macaire, na katika kila picha jambazi yule ana kazi mpya: leo ni mwenye benki, kesho ni wakili, kesho kutwa ni mganga, daima pamoja na mwenziwe Bertrand, na daima akiwaibia watu kwa maneno matamu. Pazia lililofungwa katika nyumba ya mchezo likafunguliwa gazetini. Hakuna jina la mfalme hata mara moja, lakini kila msomaji alijua kwamba zama zile zilikuwa zama za akina Macaire.

Sasa yanipasa kueleza nyumba za michezo za Paris zilivyokuwa, maana huko ndiko Daumier alikojipatia hazina yake. Palikuwa na njia pana iitwayo Boulevard du Temple, ambayo watu waliipa jina la utani la njia ya uhalifu, si kwa sababu ya wezi, bali kwa sababu kila jioni katika majukwaa yake watu waliuawa, walipewa sumu na kutekwa nyara katika michezo ya kusisimua. Njia hiyo ilipendwa na watu wa kila hali mpaka sehemu yake yenye nyumba za michezo ilipobomolewa mwaka 1862 ili kupanua mji. Ndani ya nyumba hizo matajiri waliketi katika vyumba vidogo vya pembeni, watu wa kati waliketi chini, na maskini walipanda ngazi mpaka juu kabisa karibu na dari, mahali palipoitwa peponi kwa mzaha. Taa za gesi ziliwekwa ukingoni mwa jukwaa, nazo ziliwamulika waigizaji kutoka chini, vivuli vikipanda juu ya nyuso zao. Lakini ukumbi wenyewe haukutiwa giza kama ilivyo desturi ya leo. Watu waliweza kuonana. Kwa hiyo waliokuja kutazama walikuwa wakitazamwa pia.

Daumier alijua kuitumia nuru ile. Katika picha zake za ukumbini mara nyingi jukwaa halionekani kabisa, au huonekana kipande tu. Kinachoonekana ni nyuso. Mwaka 1848 alichora watu wa nyumba ya mchezo iitwayo Gaîté wakiwa katika sehemu ya tano, yaani ya mwisho, ya mchezo wa huzuni. Machozi yanawatiririka, vitambaa vimetolewa. Mwaka 1852 alichora nyuso za watazamaji wa nyumba nyingine, Porte Saint-Martin, wakiangalia mchezo wa Richard III, mfalme mwuaji. Macho yametoka, vinywa viko wazi, kila mmoja anaogopa kwa namna yake. Hatumwoni mwuaji, lakini twamjua kwa nyuso za wanaomwogopa. Nadhani hii ndiyo siri kubwa ya kazi yake: alielewa kwamba mchezo hauchezwi jukwaani peke yake. Nusu yake huchezwa katika mabenchi.

Picha yake moja ya mwaka 1852 nimeitazama mara nyingi kuliko zote. Inaonyesha wapiga muziki walioketi mbele ya jukwaa wakati mchezo mzito wa kale unachezwa. Juu, ukingoni mwa picha, twaona miguu tu ya waigizaji na pindo za nguo zao ndefu. Vichwa vyao vimekatwa na mpaka wa picha. Bila shaka wanasema maneno makubwa ya miungu na wafalme. Chini yao wapiga muziki wamechoka: huyu anapiga miayo, yule amesinzia, mwingine ameegemea chombo chake. Kwao mchezo huu ni kazi ya kila siku, na maneno yale wameyasikia mpaka masikio yamekuwa sugu. Kila nikiiangalia nacheka, halafu nawahurumia wote, wa juu na wa chini.

Mwaka huo wa 1852 haukuwa mwaka wa kawaida. Ufalme ulikuwa umeanguka mwaka 1848, jamhuri ikasimama, na Daumier akapata tena ruhusa ya kuchora mambo ya siasa. Lakini mwezi wa Desemba, 1851, rais Louis-Napoléon alinyakua madaraka yote, na mwaka uliofuata akajifanya mfalme mkuu kwa jina la Napoléon wa Tatu. Ruhusa ya serikali ikarudi juu ya kila picha. Kama mwaka 1835, mlango mmoja ulifungwa, naye akaingia kwa mlango wa nyumba ya mchezo.

Hakuwaachilia watazamaji wakajiona wema tu. Katika Paris ya siku zile palikuwa na watu waliolipwa na wenye nyumba za michezo ili wapige makofi. Watu wa mjini waliwaita Warumi, kwa dhihaka. Mwaka 1864 Daumier alichora safu za wanaume hao, wote wamefurahi, wote wanapiga makofi kwa nguvu. Na chini ya picha, katika maandishi, mzaha ni kwamba wenyeji wa Paris, wanaosifika kwa kutoridhika upesi, safari hii wote wameridhika, kwa kuwa wote ni Warumi. Nilipoifahamu maana yake nilikumbuka mikutano mingi. Makofi hayathibitishi kwamba mtu amesema kweli, na kicheko hakithibitishi kwamba mtu amekosea.

Na waigizaji nao aliwatazama kwa jicho hilo hilo. Aliwachora waigizaji wa michezo ya kale wenye matumbo makubwa wakijifanya mashujaa vijana, na wenye sauti kubwa na mikono inayopunga ovyo. Lakini kadiri alivyozeeka ndivyo dhihaka yake ilivyopungua na huruma ikaongezeka. Aliwachora mara nyingi waigizaji maskini wa barabarani, ambao hawana jukwaa wala pazia: mtu anapiga ngoma na hakuna anayesimama, baba, mama na mtoto wanahama na vyombo vyao kwenda kutafuta mji mwingine wenye watu wa kuwatazama. Wahenga husema mcheza kwao hutunzwa. Hawa hawakuwa na kwao.

Labda alijiona mwenyewe ndani yao. Alikuwa amemwoa mshona nguo, Marie-Alexandrine Dassy, mwaka 1846, wakaishi katika kisiwa kidogo kilicho katikati ya mto Seine mjini Paris. Kila wiki mawe yalimngojea, na kila wiki ilimbidi awachekeshe wasomaji, awe na furaha au asiwe nayo. Maneno ya chini ya picha mara nyingi yaliandikwa na wengine. Yeye aliamini kwamba picha isiyojieleza yenyewe haifai kitu. Moyoni alitaka kuchora kwa rangi. Mojawapo ya picha zake za rangi, aliyoichora kama mwaka 1860 na iliyohifadhiwa katika mji wa Munich, inatuweka sisi wenyewe katikati ya umati wa watazamaji: vichwa vyeusi mbele yetu, na mbali, katika nuru kali, mwanamke mwenye nguo nyeupe, mwanamume anayenyosha kidole, na maiti chini. Lakini wakati wa uhai wake wachache walizinunua picha hizo.

Mwaka 1860 gazeti la Le Charivari lilimwachisha kazi baada ya miaka mingi ya utumishi. Alikaa zaidi ya miaka mitatu bila ya mshahara huo, hali yake ikawa ngumu, mpaka akarudishwa mwishoni mwa mwaka 1863. Picha zake za ukumbini za mwaka 1864 ni kazi ya mtu aliyetoka katika njaa, lakini ukizitazama huoni uchungu wa kulipiza kisasi. Mwaka 1870 serikali ilitaka kumpa nishani ya heshima, naye akaikataa. Nakumbuka hapo ile picha yake ya jitu lililotoa nishani chini ya kiti. Miaka karibu 40 ilikuwa imepita, naye hajabadilika.

Msiba wake wa mwisho uliingia machoni. Mtu aliyeishi kwa kutazama alianza kupoteza nuru, na kuanzia mwaka 1872 hivi akaacha kabisa kuchora juu ya mawe. Akaufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nao marafiki walionekana. Mchoraji mwenziwe Camille Corot, aliyekuwa na uwezo, alimsaidia akapata makazi katika kijiji cha Valmondois, kaskazini mwa Paris. Mwaka 1878 rafiki zake wakafanya maonyesho makubwa ya kazi zake mjini Paris, na mwandishi mkuu Victor Hugo akawa mlezi wa maonyesho hayo. Watu wa sanaa walishangaa kuona jinsi mchoraji wa vichekesho alivyokuwa bwana wa rangi. Lakini fedha iliyopatikana haikutosha hata kulipa gharama. Hii ndiyo ajabu ya dunia: aliyewachora watazamaji maisha yake yote, siku ya maonyesho yake mwenyewe watazamaji walikuwa wachache, naye macho yake hayakuwa na nguvu ya kuwaona.

Alikufa Valmondois mwezi wa Februari, 1879, akikaribia kutimiza miaka 71. Mwaka uliofuata mifupa yake ilihamishiwa katika makaburi ya Père-Lachaise mjini Paris. Aliacha picha za chapa ya jiwe karibu 4,000, mbali na michoro, picha za rangi na sanamu. Waliomfuata walijifunza kwake. Edgar Degas, mchoraji wa wacheza ngoma wa Opera, alikusanya chapa zake kwa mamia. Na katika picha yake ya wapiga muziki wa Opera, ya mwaka 1870 hivi, wachezaji wa jukwaani wamekatwa vichwa na mpaka wa picha, sawa na wale waigizaji wa Daumier wa mwaka 1852. Baadaye akaja Henri de Toulouse-Lautrec, aliyetumia jiwe lile lile, sasa kwa rangi nyingi, kuwachora waimbaji na wachezaji wa Paris katika miaka ya 1890.

Waswahili husema macho hayana pazia. Kwa kawaida methali hii husemwa kumtetea mtu aliyeona asichopaswa kuona. Mimi naona yamfaa Daumier kwa njia nyingine. Watawala waliweza kufunga pazia la jukwaa na kulifunga gazeti, lakini hawakuweza kuyafunga macho yake. Na macho hayo, yalipozuiwa kuwatazama wakubwa, yalitufundisha kujitazama sisi tunaoketi katika mabenchi.

Tangu niliposoma habari zake nimejiuliza angechora nini kama angekuwapo bwaloni kwetu usiku ule. Sidhani kwamba angemchora mwenzetu aliyesahau maneno. Angechora safu zetu, vinywa wazi, meno nje, kila mmoja akicheka kwa kuwa jirani yake anacheka. Na mimi pembeni, kamba imeniponyoka. Na nyuma kabisa, penye mwanga wa moto wa jiko, angemchora mzee mmoja mwenye mwiko. Nimekwisha mwendea mwenzetu yule nikamwomba radhi. Muhula ujao tutacheza tena, naye amekubali kuwa mfalme mara ya pili. Nawaomba wasomaji mtakaokuwa katika mabenchi mkumbuke kwamba nanyi mtakuwa mchezoni, na kwamba mwenye kamba ya pazia anawaona.